Machale, Maono na Sweta la Njano

Jambo lote lilinigharimu sweta moja la njano, majogoo wawili, rafiki mmoja na siku kumi na moja za kukaa bila kuuza hata soksi. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza nilimsahau jogoo wa pili, kwa sababu yule hakuliwa mbele yangu.

Wakati huo nilikuwa nauza mitumba, ambayo Kigali tunaiita caguwa. Baba yangu alikuwa dereva wa lori kutoka Kigoma, mama yangu mtu wa Butare, na mimi nikatoka na lugha mbili na ubahili wa pande zote. Mwaka 1991 nilipanga chumba cha nyuma Nyakabanda, kwa mama mmoja mjane ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi. Alikulia Bujumbura, akaolewa Kigali, akafiwa Kigali. Kutwa alikaa kwenye kizingiti cha nyumba yake akiuza maharage na unga wa mtama kwa kikombe. Kikombe chake hakikuwa na pembe wala mbonyeo, na hakikupungua punje. Najua, kwa sababu nilinunua mara mbili nikaenda kupima.

Kwetu salamu si maneno tu. Mtu akija unasimama, unamshika mikono juu ya viwiko, unamkumbatia upande huu na upande huu, mnaulizana ya nyumbani, ya watoto, ya ng'ombe hata kama hamna ng'ombe, ndipo mnapeana mkono. Anayeharakisha salamu huonekana hakulelewa. Bibi hakuharakisha kamwe. Alikushika mpaka ukaanza kufikiria mambo uliyoyaacha jikoni. Na wakati amekushika, macho yake yalitazama juu kidogo ya bega lako, kana kwamba nyuma yako amesimama mtu ambaye wewe hujamwona. Wengi waligeuka kumtafuta huyo mtu. Mimi niligeuka siku mbili mfululizo.

Akishakuachia, alisema neno. Kwa mke wa fundi redio alisema, "Mwanangu, acha kubeba ndoo kichwani. Muko wawili." Mke mwenyewe hakuwa anajua, alijua wiki tatu baadaye. Kwa kijana wa kuchoma mishikaki alisema, "Wewe umelala na njaa, na si kwa kukosa." Ni kweli, alikuwa na mawazo ya mchumba. Kwangu mimi alisema, "Umegombana na mtu leo, na umeshinda." Nilikuwa nimetoka kugombana na muuza marobota, na nilikuwa nimeshinda kidogo.

Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Fundi redio, ambaye kibanda chake kilitazamana na mlango wetu, alikulia Ngara upande wa Tanzania. Alikuwa rafiki yangu, na neno lake lilikuwa machale. "Bibi ana machale, sha. Yakimcheza, hakosei." Machale ni neno la bei nafuu. Halidai mshumaa wala kuku. Yanamcheza mtu kama kope ya jicho, mtu anashtuka, anaacha kupanda gari, gari linapinduka, basi, habari imekwisha. Hakuna wa kushukuriwa wala wa kulipwa.

Mama katekista, aliyefundisha watoto wa komunyo ya kwanza, hakulitaka. "Machale ni ya walevi na wezi," alisema. "Huyu mama anabonekerwa." Hilo ni neno la Kinyarwanda la mtu kutokewa na wa mbinguni. Siku nyingine alisema maono, siku nyingine karama. Maneno hayo yana gharama, kwa sababu ukishasema mtu ana maono lazima uulize anaonyeshwa na nani, na padri aambiwe. Mteja wangu mmoja wa Biryogo, fundi cherehani Mwislamu, alichagua ilhamu, halafu akaongeza haraka kwamba ramli ni haramu, kana kwamba mimi ndiye niliyetaka kupigiwa. Wengine walisema Bibi huoteshwa. Mama yangu, alipokuja kunitembelea, alisema tu kwamba moyo wa Bibi humwambia.

Shuleni nilifundishwa kwamba mtu ana milango mitano ya fahamu. Nilihesabu tena nyumbani nikapata mitano ile ile. Sasa mtaa mzima ulikuwa unamjengea Bibi mlango wa sita, na kila mtu alileta mbao zake.

Mmoja tu ndiye aliyeleta neno baya. Marehemu mume wa Bibi aliacha mdogo wake, karani katika wizara moja kule Kacyiru. Bibi alimwita shemeji, nasi sote tukamwita hivyo hivyo. Shemeji alikuwa ameweka msingi wa nyumba Kabeza, karibu na barabara ya uwanja wa ndege, na msingi ule ulikuwa umesimama mwaka wa tatu ukiota majani. Ili uinuke, nyumba ya Nyakabanda ilibidi iuzwe. Lakini siku ya matanga wazee wa ukoo walikuwa wamekubaliana: mjane atakaa humo maadamu anajiweza. Siku asipojiweza, atapelekwa kijijini kwa ndugu wa mume, na nyumba itarudi kwa shemeji. Kwa hiyo shemeji alikuwa mtu wa kuuliza afya. Alikuja kila mwezi kuuliza, na kila mwezi Bibi alimkumbatia akamwambia yeye ndiye aangalie tumbo lake. Akaanza kusema Kacyiru na kwingineko kwamba mjane wa kaka yake anafanya uchawi. Neno hilo nalo lina bei, na halipunguzwi.

Sasa sweta.

Masika yalipoingia Bibi aliniambia anataka sweta la kwendea misa. "Nataka ya bluu. Marehemu alipenda bluu." Nilikuwa na masweta mawili mazuri ya sufu, moja la bluu, moja la njano kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Nikavuta katika rundo, mkono ukatoka na la njano. Nilikuwa naligeuza kulirudisha wakati yeye alipolishika. Akapapasa sufu, akavuta mikono, akahesabu vifungo kwa kidole gumba.

"Hii ndiyo yenyewe," alisema. "Bluu nzuri. Unataka ngapi?"

Nilifungua mdomo. Kisha mazoea ya kazi yakaufunga: mteja aliyefurahi hasahihishwi. Nilidhani anatania, au anataka kunichanganya apunguziwe. Akanishusha bei mpaka nusu. Jumapili alikwenda misa aking'aa mbele ya watu wote waliovaa rangi za kawaida, na mama katekista akasema ile ni rangi ya utukufu. Bibi aliporudi aliniambia, ameridhika kabisa, "Watu wameipenda bluu yangu."

Nilikaa chumbani nikahesabu. Fedha alizitambua kwa kupapasa. Mawe aliyatoa katika maharage ndani ya stoo isiyo na dirisha. Wiki iliyotangulia nilihamisha jiko hatua mbili tu uani, naye akalipiga teke, akalaani paka. Hatukuwa na paka. Nikahesabu mara ya pili, jibu likawa lile lile.

Kesho yake nilikaa karibu naye kwenye kizingiti.

"Bibi, sweta lile ni la njano."

Vidole vyake vikasimama ndani ya maharage.

"Umemwambia nani?"

"Bado sijamwambia mtu."

"Na hiyo bado yako iko bei gani?"

Hapo ningesema haina bei. Ndivyo ninavyojibu kila nikikumbuka, na huwa najibu vizuri sana. Siku ile nilisema, "Baraza ya mbele." Baraza ile ilitazama barabara, mtu akitundika nguo pale, hana haja ya kuita wateja.

"Kwa muda gani?"

"Mpaka utakaponichoka."

"Basi utakaa sana," alisema. Tukapeana mkono. Hakunikumbatia, na mimi nilidhani nimefanya biashara nzuri.

Kwa kuwa mapatano yalikuwa yamefungwa, alinieleza. Ulikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. La kushoto lilianza mwaka ule aliofiwa, la kulia likafuata. Mchana aliona mwanga, na mtu aliyesimama mlangoni alimwona kama nguo iliyoanikwa. Yaliyobaki aliyapata kwa salamu. "Nakumbatia. Nanusa. Nasikia moyo unapiga mbio au polepole. Yule bibi wa fundi, nilipomshika kifua kwa kifua alirudi nyuma, maziwa yalikuwa yanamuuma. Nimezaa sita, nitashindwa kujua?"

"Na mimi? Uligundua vipi niligombana?"

"Ulinuka jasho la hasira, na ulikuwa unapiga mluzi."

"Kwa nini huwaambii watu kwamba ni mikono tu? Wanakuita mpaka mtu wa maono."

"Nikisema ni mikono, wataniuliza macho iko wapi. Na shemeji atauliza wa kwanza." Akarudi kwenye maharage yake. "Waache na maneno yao. Hayo maneno ndiyo yananiwekea paa."

Nilihamia barazani. Biashara ilikwenda vizuri mno, maana waliokuja kusalimiwa na Bibi walipita katikati ya nguo zangu. Wao walidhani yeye anawaona ndani. Mimi niliona viatu vyao tu, nikajua nani wa kumpandishia bei. Tulifanya hivyo karibu mwaka mzima, na sikujali. Vita vilikuwa kaskazini, bei ya sukari ilikuwa juu, kila mtu alitaka mtu wa kumwambia kitu.

Kosa langu lilikuwa lile la kwanza: sikumbadilishia sweta. Kulibadilisha kulikuwa na maana ya kumpa la bluu kwa nusu bei, na pia nilipenda kumtazama akilivaa. Siku moja mke wa shemeji alikutana na Bibi baada ya misa, akalisifu sweta. Bibi, kwa adabu, akamjibu kwamba bluu ilikuwa rangi ya marehemu. Mke wa shemeji hakusema kitu. Alirudi nyumbani akakisema.

Jumamosi iliyofuata, saa tisa mchana, shemeji alisimama mlangoni na wazee wawili wa ukoo. Nyuma yao alikuwa fundi redio, aliyeitwa kuwa shahidi wa jirani. Bibi alisikia miguu, akainuka, akafungua mikono.

"Hapana, shemeji," karani alisema. "Leo hatukumbatiani. Tumekuja kwa maneno ya ukoo. Salamu itafuata."

Wazee walitazama chini. Walijua huko si kulelewa, lakini hawakuondoka. Mikono ya Bibi ilibaki hewani kidogo, kisha ikarudi kwenye kitenge chake. Sijapata kuona mtu akinyang'anywa vitu vyake vyote kwa maneno machache namna ile.

"Watu wanasema unaona mambo ya siri," shemeji aliendelea. "Mimi sitaki ya siri. Nionyeshe ya wazi mbele ya wazee. Tumekuja watu wangapi, na mimi nimeshika nini?"

Mimi nilikuwa barazani, kati ya suruali. Kama ningemnong'oneza, wangesikia. Kama ningekohoa, wangejua. Nikaona koti la shemeji, na mdomo wangu ukaanza kazi yake wenyewe.

"Karibuni, karibuni! Wanaume wanne mlangoni pangu kwa mpigo, leo nimeamka na nani? Shemeji, koti hilo la kijivu ni la Ulaya, lakini kifungo cha chini si chake. Mimi ningekupa mia nane."

"Nyamaza wewe. Hatukuja sokoni."

"Sinunui, nasifu tu. Na bahasha hiyo ya kaki usiibane kwapani hivyo, jasho litaingia kwenye kitambaa, hapo tunashuka mia sita. Mzee wangu mwenye fimbo, umesimama mbele ya wenzako kama bwana harusi, hiyo kofia ya manyoya huipati tena mjini. Mzee wangu wa pili, huyo hapo kwenye mti wa parachichi, koti la mvua na jua hili? Nakupa mia tano na mwavuli juu. Na fundi naye yumo! Fundi, njoo mbele, shati hilo la mistari limetoka robota moja na koti la shemeji, mnafanana kama mapacha!"

Shati lile nilikuwa nimemuuzia fundi kama jipya la dukani, na karatasi yake ndani ya kola. Karatasi niliikata mimi mwenyewe. Ulimi ulikuwa umeshapita, sikuweza kuurudisha. Fundi alishika kola yake, akanitazama, akatazama koti la karani, akanitazama tena.

Shemeji alikuwa anafoka kwamba nifukuzwe, lakini mzee mwenye fimbo alikuwa anacheka, na Bibi alikuwa amepata alichokihitaji.

"Muko wanne," alisema taratibu. "Mzee mkubwa iko mbele na fimbo yake. Mzee mdogo iko kwa mti. Fundi jirani yangu. Na wewe, shemeji, una bahasha ya kaki ndani ya kwapa. Karatasi iko ndani siwezi kuisoma, sikusoma shule. Lakini mtu mwenye habari njema haogopi kusalimia."

Kisha akatembea moja kwa moja mpaka kwa mzee mwenye fimbo, ambaye alikuwa bado anacheka na kwa hiyo hakuwa mgumu kumpata, akamkumbatia. Mzee naye akamkumbatia, kwa kufarijika, kama mtu aliyeruhusiwa kuvaa viatu vyake tena. Bibi alimshika muda wake wote.

"Yooo, mzee," alisema. "Umekonda. Na hicho kifua kinalia filimbi tangu lini?"

Mzee aliacha kucheka. Akakaa kwenye kiti changu cha wateja. "Tangu Krismasi," alisema. "Sijamwambia hata mke."

Baada ya hapo hakuna aliyeuliza kuhusu bahasha wala nyumba. Mzee wa pili alisema kwamba anavyoona yeye mjane anajiweza kuliko wao. Mimi nikachinja jogoo wangu, yule wa kwanza, maana wageni wa ukoo hawaondoki na mdomo mkavu, na katika uwanja ule aliyekuwa na deni la adabu nilikuwa mimi. Shemeji alikula paja.

Jogoo wa pili nilimpeleka kwa fundi kumwomba radhi. Alimpokea, akasema ahsante, akamla na mke wake na mtoto wao mchanga, na hakuongea nami tena. Alipotaka kujua bei ya kitu barazani kwangu, alimtuma mtu.

Siku ile ile baada ya wageni kuondoka nilianza kukusanya nguo zangu. Bibi alisikia vibanio vya nguo.

"Unafanya nini?"

"Natoka barazani."

"Nilikuchoka lini? Mapatano ni mpaka nikuchoke. Rudisha." Akapapasa chini, akanipa kibanio kilichoanguka. "Mia nane kwa lile koti ni nyingi. Marehemu alilinunua mia tatu."

Kumbe koti lilikuwa la marehemu. Nilirudisha nguo moja moja, nikasema, "Bibi, twende hospitali." Nilikuwa nimesikia kwamba kwenye hospitali moja ya misheni, safari ya saa mbili kwa basi, wanatoa mtoto wa jicho kwa kisu kidogo na mtu anarudi anaona.

"Nikiona, watu watakuja kufanya nini hapa?"

"Watanunua maharage."

"Na nisipopona?"

"Utakuwa ulivyo, na mimi nitaendelea kupiga kelele za bei kila shemeji akija."

Alicheka mpaka akafuta macho ambayo hayakuwa na kazi nyingine. Tulikwenda. Mtaani tulisema anakwenda kumtazama ndugu. Mama katekista alisema amekwenda kufunga na kusali, na hakuna aliyemkatalia. Siku kumi na moja nililala kwenye mkeka nje ya wodi nikimpikia, nikihesabu wagonjwa walioingia na waliotoka. Walifanya jicho la kulia tu. Walipofungua bandeji wakampa miwani yenye vioo vinene kama vitako vya chupa. Alinitazama kwanza mimi, kwa muda ambao haukunipendeza. Kisha akatazama mkono wake mwenyewe, na kile kilichoufunika.

"Hii ndiyo bluu?"

"Ndiyo hiyo, Bibi."

"Mwizi," alisema. Akalivaa vizuri, akafunga vifungo vyote. Nilimrudishia fedha za sweta, zote.

Mtaani alirudi na miwani, na hapo mambo ya mlango wa sita yakaharibika. Alianza kuwatazama watu usoni kama sisi sote, na nyuso zilimdanganya kama zinavyotudanganya sisi sote. Mwanamke mmoja alikuja akitabasamu, Bibi akampongeza kwa furaha yake. Alikuwa ameachwa asubuhi ile. Watu wakasema machale yamemhama. Mama katekista alisema karama huchukuliwa kama ilivyotolewa. Mteja wangu wa Biryogo alisema hakuwahi kusema chochote. Shemeji alikuja akakuta mwanamke anayesoma namba za basi toka kizingitini, akaondoka bila kukaa.

Baadaye Bibi alipata dawa yake. Akija mtu mwenye jambo zito, alivua miwani, akaiweka ndani ya kikombe cha maharage, ndipo akafungua mikono. Hapo hakukosea.

Mwishoni mwa mwaka 1993 fundi redio, ambaye kwa Bibi alikuwa bado anakuja, alimwuliza mbele yangu kama machale yanamwambia chochote kuhusu nchi. Redio zilikuwa zinanguruma kibandani kwake tangu asubuhi. Bibi hakuvua miwani.

"Hiyo haitaki machale, mwanangu. Haitaki maono, haitaki kuoteshwa. Wewe unafungua redio kila siku. Masikio yako iko wapi?"

Fundi alirudi kibandani, akaipunguza sauti. Hakuizima.

Mwezi wa pili wa 1994 binti yake aliyeolewa Bukavu alimtumia ujumbe aende. Ilikuwa wakati mbaya kwa safari: leo barabara wazi, kesho hakuna ajuaye. Siku mbili kabla, mkono mmoja wa miwani ulivunjika. Niliipeleka kwa fundi wa saa aitengeneze, akasema niifuate Alhamisi. Jumatano basi likapatikana, na wakasema hakutakuwa na jingine.

"Utanitumia na dereva," Bibi alisema kwenye stendi ya Nyabugogo, akiwa na sweta lake la njano. "Mpaka huko najua njia ya mikono." Akanikumbatia. Alinishika muda mrefu kuliko siku zote, nikangoja neno.

"Umeona nini, Bibi?"

"Leo nimekusalimia tu," alisema, akapanda.

Miwani niliifuata Alhamisi, lakini dereva wa kwenda huko sikumpata. Ya mwezi wa nne sitayaandika hapa. Wapo wenye haki zaidi ya kuyaandika, na mengine hayaandikwi na mtu wa hesabu kama mimi. Nilirudi Nyakabanda mwezi wa nane. Nyumba ilikuwa imesimama, nusu ya mabati haipo. Kibanda cha fundi hakikuwa na redio wala fundi wala familia yake, na mpaka leo nikiona shati la mistari siliweki bei. Shemeji hajulikani aliko. Miwani ilikuwa ndani ya kopo la maziwa ya unga nililolifukia uani, mkono wake umetengenezwa vizuri sana.

Sasa mji umejaa watu waliokulia Uganda, Tanzania na Burundi, wanarudi na magodoro na vitoto, wanatafuta pa kulala. Kila wiki mtu anasimama mbele ya baraza ananiuliza nyumba hii ya nani. Namjibu, ya Bibi wa maharage, yuko njiani. "Anarudi lini?" Naingia ndani, natoka na miwani, nawaonyesha: mtu hawezi kuacha hii. Wanavitazama vile vioo, wanaelewa, wanaendelea na safari. Nimeshafanya hivyo mara tisa. Kumi, nikimhesabu yule aliyerudi mara mbili.

Wiki iliyopita dereva mmoja anayekwenda upande wa Bukavu aliniambia kwamba alimwona bibi mmoja kando ya barabara akiuza maharage kwa kikombe, na sweta la njano, ananyoosha shingo kusikiliza magari. Hana hakika. Ijumaa anarudi huko, na yuko tayari kuchukua mzigo mdogo.

Nikiituma miwani, sitakuwa na kitu cha kuwaonyesha wanaouliza, na nyumba itapata mwenyewe mpya kabla mabati hayajarudi. Nikiibakiza, kama kweli ni yeye, anatazama magari kama nguo zilizoanikwa, kwa ajili ya paa analolikosa. Nimehesabu mara mbili, na kila mara napata jibu tofauti. Leo ni Jumanne. Mwenye shauri anipe kabla ya Ijumaa.